Risiva wa miaka 32, asajiliwe au aachwe?

Swali limetoka kwa dada mmoja anayeishi Nashville, Tennessee, nalifupisha hivi: "Mimi na mwanangu wa hai skuli tunaifuata Titans, timu ya futiboli ya Kimarekani ya hapa kwetu. Kila mwezi wa tatu soko la wachezaji likifunguliwa nyumbani ni ubishi tu. Yeye anataka wasajili risiva mkongwe mwenye jina ili amsaidie kwotabeki wetu kijana, mi naona ni hela ya kutupa maana hawa wazee tumeshawaona wakija na kuondoka. Nani yuko sahihi?"

Dada yangu, shikamoo kama umenizidi, na kijana mfikishie salamu. Nakujibu kwanza alafu ndo nieleze. Kwa timu kama yenu, mkongwe wa hela nyingi hapana, mkongwe wa kazi moja kwa mkataba wa mwaka mmoja ndiyo. Yani wewe una haki kwenye hela na mwanao ana haki kwenye mpira, ila mwanao anafanya kosa ambalo hata mameneja wa ligi wanaolipwa mamilioni wanalifanya kila mwaka, anasajili jina.

Kwa wale mnaofuata soka tu na hii futiboli ya Kimarekani mnaiona kwa mbali, risiva ni yule anayejipanga pembeni, mpira ukianza anakimbia njia waliyokubaliana, tunaiita ruti, na kwotabeki anamrushia pasi mahali ambapo bado hajafika. Hilo la "bado hajafika" lishikeni maana ndo mzizi wa hili jibu lote.

Nimefundisha marisiva wa hai skuli miaka tisa. Kuna kiangazi kimoja jamaa aliyewahi kucheza ligi kubwa, simtaji, aliomba aje afanye mazoezi kwenye uwanja wetu maana alikuwa anasubiri simu ya timu yoyote ile, alikuwa na miaka kama 33 hivi. Vijana wangu walikuwa wanamwangalia kama malaika. Mbio za moja kwa moja aliwaacha wote, wote kabisa, na mi nikasema huyu bado yupo. Alafu tukaanza ruti za kusimama ghafla, unakimbia yadi 12 kwa nguvu zote kisha unafunga breki na kugeukia nje kwenye mstari. Mtoto wa miaka 17 alikuwa anasimama kwa hatua tatu. Yule mkubwa zilimchukua tano. Hizo hatua mbili ukiwa umekaa jukwaani huzioni, ila konabeki anayekukaba anaziona, na anazila. Alifidia kwa ujanja, anaegemeza bega, anapiga mkono wa mkabaji chini sekunde ileile mpira unapofika, vitu ambavyo vijana wangu hawakuvijua hata kwa jina. Baada ya dakika ishirini nikamwona amegeuka kuangalia uzio, mkono mmoja umeshika nyuma ya paja, anajikanda taratibu asionekane na mtu. Simu haikuja.

Ndo maana nasema watu wanapima vibaya. Wanaangalia kama mzee bado ana mbio, wakati mbio ndo zinachelewa kuondoka. Zinazotangulia ni breki na msuli wa nyuma ya paja, na huo msuli ukishachanika mara mbili tatu kwa mtu aliyevuka 30 unakuwa kama jirani mkorofi, leo kimya, kesho vurugu.

Sasa nyie watu wa Nashville mna bahati mbaya ya kuwa na mifano yote miwili nyumbani kwenu, mkongwe ambaye mwili ulimkataa na mkongwe aliyecheza.

Mwezi wa sita 2021 Titans walimchukua Julio Jones kutoka Atlanta Falcons. Alikuwa na miaka 32, na huyu si mtu wa kawaida, mwaka 2015 peke yake alidaka pasi 136 kwa yadi 1,871, mi sijaona wengi wa aina yake. Lakini angalia msimu wa mwisho kabla ya kununuliwa, 2020, alicheza mechi 9 tu, na tatizo lilikuwa hilohilo, nyuma ya paja. Onyo lilikuwa limeandikwa ukutani. Titans wakatoa chaguo la raundi ya pili la drafti (ule mnada ambao timu zinachagua vijana wapya kwa zamu, raundi kwa raundi) ya 2022 na la raundi ya nne la 2023, wakarudishiwa la raundi ya sita, na wakabeba mshahara wake wa dola milioni 15.3 wote. Na mwaka ule kikomo cha mishahara cha timu, wenyewe wanakiita kepu, kilikuwa kimeshuka kwa sababu ya korona, kutoka milioni 198.2 hadi 182.5. Piga hesabu uone, zaidi ya asilimia 8 ya hela ya kikosi kizima kwa mtu mmoja mwenye paja bovu.

Mechi ya pili kule Seattle akadaka 6 kwa yadi 128 na Titans wakashinda 33 kwa 30 muda wa ziada. Nakumbuka watu walivyochangamka, mfalme karudi. Alafu paja. Akarudi, akatoka, akarudi tena. Msimu ukaisha ana mechi 10, pasi 31, yadi 434 na tachidauni (kuufikisha mpira eneo la mwisho la wapinzani, ndo bao kubwa la mchezo huu) moja, na hiyo moja ilikuja mechi ya mwisho kabisa dhidi ya Houston. Timu yenyewe ilikuwa nzuri, 12 kwa 5, yani imeshinda 12 imepoteza 5, namba moja AFC, nusu moja ya ligi, alafu Januari 2022 wakafungwa nyumbani na Cincinnati Bengals 19 kwa 16. Machi wakamwacha Julio, na sehemu ya hela yake iliendelea kuhesabiwa kwenye kepu yao wakati yeye keshaondoka.

Ila dada, kinachoniuma mimi kwenye ile habari si Julio hata kidogo. Ni A.J. Brown. Walikuwa naye palepale, risiva wao wenyewe waliyemchagua raundi ya pili 2019, kwenye ile mechi ya Bengals alidaka 5 kwa yadi 142 na tachidauni, yani hakuna aliyekuwa na shaka ni nani mwenye nyumba. Mwaka uliofuata alikuwa anatakiwa kupewa mkataba mpya. Hawakuelewana bei, na usiku wa drafti, tarehe 28 Aprili 2022, wakamuuza Philadelphia Eagles kwa chaguo la 18 na la 101. Eagles wakampa miaka minne, dola milioni 100, na msimu uleule akapiga yadi 1,496 na tachidauni 11. Desemba Titans wakaenda Philadelphia, Brown akawafunga tachidauni mbili na yadi 119, wakala 35 kwa 10, na siku mbili baadaye meneja mkuu Jon Robinson akafukuzwa kazi. Waliyemchagua na lile chaguo la 18 kuziba pengo, Treylon Burks, msimu wake wa kwanza alimaliza na yadi 444.

Sisemi Julio ndo alimfukuza Brown, hapana, ubishi wa bei ulikuwa wa Brown na timu yake na Julio alikuwa keshaachwa. Nachosema ni kuwa timu iliyokuwa na kijana wa miaka 24 anayejua kazi ilitumia machaguo na hela kwa jina la mtu wa miaka 32, alafu zamu ya kijana ilipofika mkono ukawa mzito. Mkongwe asile chakula cha mtoto aliyeko nyumbani. Hapo ndo nampima meneja yeyote, kabla hata sijaangalia mkongwe mwenyewe ni nani.

Mfano wa pili ni DeAndre Hopkins, na huu mwanao ataupenda. Julai 2023, Arizona Cardinals walikuwa wameshamwacha kwa hiyo hakuna chaguo lolote lililotoka, Titans wakampa miaka miwili kwa milioni 26. Miaka 31. Huyu hakuwahi kuishi kwa mbio, tangu yuko Houston Texans kazi yake ni mikono na mwili, anakukinga kwa mgongo na kudaka mpira uliokuwa wako. Mchezaji wa hivo anazeeka vizuri. Akacheza mechi zote 17, pasi 75, yadi 1,057, tachidauni 7. Na ile Jumapili ya Oktoba 29 dhidi ya Falcons, kijana Will Levis anaanza kwa mara ya kwanza maishani kwenye ligi, akarusha tachidauni nne, tatu zikaenda kwa Hopkins, ya yadi 47, ya 16 na ya 61. Ukitaka kujua mkongwe anavyomsaidia kwotabeki mgeni mrudishe mwanao kwenye ile mechi. Kijana anarusha mpira juu anaomba Mungu, mzee anaufanya uonekane pasi nzuri. Titans walishinda 28 kwa 23.

Alafu msimu ukaishaje? 6 kwa 11. Kocha Mike Vrabel akafukuzwa Januari. Mwaka uliofuata Hopkins akaumia goti kambini, Oktoba 2024 akapelekwa Kansas City Chiefs, na Titans wakamaliza 3 kwa 14.

Kwa hiyo Hopkins alikuwa usajili mzuri au mbaya? Mi nasema alikuwa mchezaji mzuri kwenye timu isiyomhitaji wakati ule. Zile yadi 1,057 ni za kweli, alizitoa jasho, lakini hazikubadilisha kitu, msimu mmoja baadaye hakuna kilichobaki Nashville isipokuwa chaguo la raundi za chini. Wale wa soka mnaikumbuka hii, Cristiano Ronaldo aliporudi Manchester United 2021, mabao 18 ya ligi akiwa anaelekea miaka 37, na United wakamaliza wa sita. Namba za mtu zinaweza kuwa nzuri huku nyumba inavuja.

Mweke Hopkins huyohuyo Kansas City sasa uone. Chiefs walikuwa na kwotabeki, wana kocha, wanashinda, ila marisiva wao wameumia, Rashee Rice goti, Marquise Brown bega. Walikuwa na pengo moja na wakaleta mtu mmoja wa kuliziba. Tarehe 4 Novemba dhidi ya Tampa Bay akadaka 8 kwa yadi 86 na tachidauni mbili, wakashinda 30 kwa 24 muda wa ziada. Hakuwa nyota, mechi 10 yadi 437 tu, na Super Bowl, fainali ya ligi, ya Februari 2025 walichapwa na Eagles 40 kwa 22, lakini ile kazi waliyomwitia aliifanya.

Na mfano wangu ninaoupenda kuliko yote ni Odell Beckham Jr. na Los Angeles Rams, Novemba 2021. Alikuwa ndo kwanza ametimiza 29, Cleveland Browns wamemwacha katikati ya msimu na watu wanasema kaisha. Rams wakampa mkataba wa miezi michache wenye hela ndogo na bonasi za mafanikio. Siku moja tu baada ya kusaini, Robert Woods akachanika goti mazoezini, yani yule waliyemleta kama nyongeza ghafla ndo tegemeo. Mechi 8 za msimu, tachidauni 5, kwenye mtoano pasi 21 kwa yadi 288, na Super Bowl yenyewe dhidi ya Bengals ndo alifunga tachidauni ya kwanza kabla goti lake la kushoto halijachanika robo ya pili, bila hata kuguswa na mtu. Niliikodolea macho ile marudio mara nyingi kuliko inavyofaa. Rams walibeba kombe, 23 kwa 20. Mkataba wa miezi michache, kombe moja, na hakuna mtu aliyebaki anamlipa mtu asiyecheza.

Lakini huyohuyo Beckham, Baltimore Ravens wakamlipa milioni 15 za uhakika kwa 2023 na akarudisha yadi 565. Mtu mmoja, bei tofauti, jibu tofauti kabisa.

Najua mwanao atakuja na Jerry Rice, watoto wote wanakuja na Jerry Rice. Ndiyo, Raiders walimchukua 2001 akiwa na miaka 38, na mwaka 2002 alipotimiza 40 alidaka pasi 92 kwa yadi 1,211 na kufika Super Bowl. Mwambie na mimi nampenda, ila mtu mmoja kwenye historia nzima ya mchezo usimfanye sera. Afadhali aje na Larry Fitzgerald wa Arizona. Yule mbio zilipopungua kocha Bruce Arians alimhamisha akamwingiza ndani, pale tunapoita sloti, karibu na mstari wa mbele, ruti fupi, watu wengi, kuzuia kwingi, na kuanzia 2015 hadi 2017, akiwa na miaka 32, 33 na 34, akadaka 109, 107 na 109. Alikubali kubadilishwa kazi. Wengi wenye majina hawakubali, wanataka kusimama palepale pembeni walipopigiwa picha zamani, na hilo swali kocha anatakiwa amuulize mtu usoni kabla kalamu haijagusa karatasi.

Kuna hoja moja utaisikia sana, kwamba mkongwe atawafundisha vijana. Hii hoja naiheshimu maana nimeiona kwa macho yangu, yule jamaa wa uwanjani kwetu kwa siku chache aliwapa watoto wangu vitu vya mikono ambavyo mimi ningehangaika navyo mwaka mzima. Lakini mwalimu asiyecheza kwenye kikosi cha watu 53 ni ghali. Siku ya mechi wanaovaa ni 48 tu. Risiva wa nne na wa tano wanavaa kwa sababu wanakimbia kwenye vikosi maalumu, wanakaba mipira ya mateke, wanajitupa, na hakuna mtu wa miaka 32 mwenye akili zake anataka hiyo kazi. Kwa hiyo mkongwe asipokuwa kwenye watatu wa kwanza anakula nafasi ya kijana, nukta. Titans hao hao 2025 wamemchagua kwotabeki Cam Ward namba moja kwenye drafti, wakamleta Tyler Lockett, miaka 32, mtu mstaarabu na fundi wa ruti kutoka Seattle, kwa mwaka mmoja. Wazo lilikuwa zuri na bei ilikuwa nzuri. Mpira haukumfikia, timu ilikuwa inapoteza, na kabla ya Novemba wakaachana. Lakini ona tofauti na Julio, hakuna chaguo lililotoka na hakuna deni la miaka. Kosa dogo, na timu inayojijenga inaruhusiwa makosa madogo.

Kuhusu muda, hapa wewe na mwanao mnabishana mwezi usio sahihi. Machi ndo bei ya juu. Mchezaji aliyemaliza mkataba wake ukimsajili kabla ya drafti anaweza kukupunguzia machaguo ya fidia ya mwaka unaofuata, yani yale ya nyongeza ambayo ligi inakupa kwa wachezaji waliokuondokea, drafti ikishapita hesabu hiyo inakwisha, na aliyeachwa na timu yake hahesabiwi kabisa. Alafu kuna kitu watu wengi hawakijui, mchezaji mwenye misimu minne na kuendelea akiwa kwenye kikosi mechi ya kwanza ya msimu ana haki na mshahara wa msimu mzima hata mkimwacha wiki ya tatu, ndo maana unaona wazee wengine wanasajiliwa wiki ya pili, timu inataka kumlipa wiki kwa wiki. Na wa mkataba wa kima cha chini wa mwaka mmoja, ligi inampa hela yake ya ukongwe lakini kwenye kepu anahesabiwa kama mtu wa miaka miwili, sheria iliwekwa makusudi ili wazee wasikose kazi kwa sababu ya bei. Kwa hiyo mzee mzuri wa Mei au wa Septemba yupo, na ni rahisi, ukiwa na subira.

Sasa mpe mwanao kazi hii kabla ya ubishi wa mwakani. Achague mkongwe anayemtaka, aache video za tachidauni, atafute mechi zake sita za mwisho, na aangalie kuanzia robo ya tatu tu, pale miguu imechoka. Asiangalie mpira. Amwangalie huyo mtu kwenye zile ruti ambazo pasi imeenda kwa mwingine, anasimama kwa hatua ngapi, na mchezo ukiisha anarudi kwenye duara, pale wenzake wanapopanga mchezo unaofuata, anatembea vipi, mkono wake uko wapi. Aandike. Alafu ahesabu mechi alizokosa misimu miwili iliyopita na sababu zake, goti lililovunjika kwa ajali mi naweza kulisamehe, paja linalorudia silisamehi. Akimaliza na bado anamtaka, mwambie aniandikie jina na namba alizopata, nitakaa nizipitie naye moja moja.